Gari lilinitelezea kwenye jeki: je, nirudi tena uvunguni?

«Fundi, salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Arua, Uganda. Nina Toyota Vitz ya mwaka 2003, na tangu mwaka jana najibadilishia oili na pedi za breki mwenyewe nyumbani ili kupunguza gharama. Natumia jeki ndogo ya mkasi iliyokuja na gari, kisha naweka matofali chini kwa usalama. Uwanja wetu ni wa udongo na una mteremko kidogo. Jumamosi iliyopita, baada ya mvua ya usiku, niliinua mbele kushoto, nikatoa gurudumu. Nilipokuwa navuta bolti ya kalipa (kile kibano kinachobeba pedi za breki) iliyokwama, gari lilisogea, jeki ikalala, na gari likatua kwenye diski. Tofali likapasuka vipande vitatu. Dakika chache kabla ya hapo mwanangu wa miaka 13 alikuwa ameingia chini kuokota nati. Mke wangu ameapa kwamba sitaligusa tena gari hili. Jirani anasema kosa ni la jeki, ninunue ya chupa ya tani kumi, na nikishavuta breki ya mkono na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, sina la kuogopa. Nani yuko sahihi? Na gari limeharibika?»

Mwalimu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikawia pale ulipomtaja kijana. Maswali yako nitayajibu yote, ila kuna moja lisilo na mjadala: mtoto haingii chini ya gari lililo kwenye jeki, hata kwa sekunde tano, hata nati ibingirike mpaka katikati. Nati huvutwa kwa fito, kwa mpini wa ufagio, au kwa sumaku iliyofungwa kwenye kamba. Waliosema mtaka cha uvunguni sharti ainame walikuwa na kitanda mawazoni.

Tuje kwako, kwa mkeo na kwa jirani. Mkeo ana haki ya kuogopa, ingawa hukumu aliyotoa ni ya kifungo cha maisha kwa kosa linalorekebishika. Jirani yako amekosea karibu kila alilosema, na hayuko peke yake. Hayo maneno ya jeki kubwa, breki ya mkono na jiwe nimeyasikia Kampala, nimeyasikia Mbale, na zamani nilikuwa nayasema mwenyewe.

Fikiria uzito kwanza. Vitz ya umri huo ina kilo 900 hivi ikiwa tupu. Kwa kuwa injini na giaboksi ziko mbele, sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele, kwa hiyo kona uliyoinua ilikuwa na kilo kama 300. Jeki ya mkasi iliyotoka kiwandani na gari lako ilitengenezwa kubeba zaidi ya hapo. Haikushindwa na mzigo wala haikuvunjika. Ililala. Ukinunua ya tani kumi ukaisimamisha pale pale, kwenye udongo ule ule, nayo italala vilevile, tena kwa kishindo zaidi. Jambo la kujiuliza si kwamba jeki inaweza kubeba tani ngapi. Jiulize ni nini kinachoweza kulisogeza gari likiwa juu, kwa sababu gari likiwa kwenye jeki haliangushwi na uzito wake. Linaangushwa na kusogea, hata kwa sentimita mbili tatu.

Na gari lililoinuliwa lina sababu nyingi za kusogea. Ya kwanza wengi hawaijui kabisa. Unapoinua kona ya mbele, gari haliendi juu kwa mstari ulionyooka. Linageuka kama mlango kwenye bawaba, na bawaba yenyewe ni yale magurudumu yaliyobaki chini. Kwa hiyo ile sehemu ya ubavu uliyoishika kwa jeki inapanda huku ikisogea kidogo upande. Jeki ya mkasi haina njia ya kufuata mwendo huo. Mguu wake umebaki palepale chini, kichwa kinavutwa na gari, na taratibu inaanza kuegemea. Ukiinua sentimita chache huoni kitu. Ukiinua sana ili gurudumu litoke kwa raha, jeki inakuwa imeinama kama mlevi anayeshikilia mlingoti.

Zile jeki ndefu za gereji zina magurudumu kwa sababu hiyo hiyo. Watu hudhani ni ya kuivutia tu, kumbe yapo ili jeki ijisogeze chini ya gari kadiri mkono wake unavyopanda. Kwenye sakafu ya zege utaiona ikitambaa yenyewe. Iweke kwenye udongo: magurudumu yake madogo ya chuma yanazama, jeki inakataa kutambaa, na kinachosogea ni kichwa chake chini ya bati la gari.

Hilo la mwisho nilijifunza nikiwa mwanafunzi wa gereji, Kampala, asubuhi ya mwezi wa nne baada ya mvua. Tulikuwa na Corolla juu ya jeki nzuri ya magurudumu, ya bei, juu ya maramu, ule udongo mwekundu wa barabarani, iliyoshindiliwa ikaonekana ngumu kama barabara. Gurudumu moja la jeki lilizama upande mmoja, bila sauti. Mwenzangu alikuwa amelala chini ya gari na miguu nje. Alitoka kutafuta spana namba 14, na alikuwa bado anapekua sanduku wakati Corolla ilipoteremka. Hatukusema kitu kwa muda mrefu. Mzee mwenye gereji alikuja, akatazama, akatutuma wote wawili tukanywe chai, na kuanzia siku hiyo pale hapakuinuliwa gari bila ubao chini.

Kuhusu ubao nitakupa hesabu, kwa kuwa wewe ni mwalimu. Tairi lenye upepo wa kawaida, paundi 32, hukandamiza ardhi kwa takriban kilo 2.2 kwa kila sentimita mraba. Mguu wa jeki ya mkasi ukiwa na sentimita 10 kwa 8, hizo ni sentimita mraba 80. Kilo 300 gawanya kwa 80, unapata karibu kilo 3.75. Yaani udongo ambao ulikuwa unabeba tairi bila taabu unakandamizwa karibu mara mbili zaidi ukiweka jeki. Ukiweka chini ya jeki ubao wa sentimita 30 kwa 30, eneo linakuwa 900 na shinikizo linashuka hadi theluthi moja ya kilo. Ni punguzo la zaidi ya mara kumi na moja, kwa kipande cha mti ambacho seremala yeyote atakupa. Kiwe kinene, sentimita nne au tano, kisichopinda. Mvule ni mzuri ukiupata. Mkaratusi uliokauka pia unafaa. Usitumie plaiwudi nyembamba, itajikunja chini ya jeki na hesabu yangu yote itakuwa bure. Na hata ukiwa na ubao, udongo uliolala na mvua usiku kucha si wa kuinulia gari asubuhi. Subiri jua liukaushe. Pedi za breki haziozi.

Sasa breki ya mkono na jiwe, ambapo jirani ana nusu ya ukweli. Kwenye Vitz, kama magari mengi madogo, breki ya mkono inashika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua mbele, nyuma kumeshikwa, vizuri. Lakini inashika kwa kadiri waya na viatu vya breki vilivyo na afya, na kwenye gari la miaka zaidi ya ishirini waya huwa umelegea. Ukiinua magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja, breki ya mkono haifanyi kazi yoyote. Imeshika magurudumu yanayoelea hewani.

Wengine watakuambia giaboksi ya otomatiki ikiwa kwenye P (ya kuegesha) basi gari limefungwa. Hapa pana mtego. Vitz yako inavutwa na magurudumu ya mbele, na P inafunga difu (gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu mawili), haifungi kila gurudumu peke yake. Yote mawili yakiwa chini, difu ikifungwa gari halitembei. Ukiinua gurudumu moja la mbele, lile la hewani linaweza kuzunguka kinyume, na likizunguka kinyume lile la chini linapata ruhusa ya kubingirika. Ukitaka kuamini, siku moja gari likiwa limekaa salama juu ya stendi (miguu ya chuma ya kushikilia gari), zungusha gurudumu moja la mbele kwa mkono uone lingine linavyokwenda upande wa pili, giaboksi ikiwa kwenye P. Kwa hiyo ulipoinua mbele kushoto, P ilikuwa haikusaidii chochote. Ulikuwa umebaki na breki ya mkono, na mteremko.

Mteremko nao tuupime. Uwanja unaoshuka sentimita 5 kila mita, ambao kwa macho utasema ni tambarare, unalivuta gari la kilo 900 kwenda chini kwa nguvu ya kilo 45. Ni sawa na kuwa na kijana mmoja anayelisukuma gari lako mfululizo, bila kuchoka, wakati wewe umeinama kwenye breki. Huna haja ya kifaa kujua uwanja wako umelala vipi: jaza maji nusu kwenye chupa iliyonyooka, ilaze juu ya ubao mrefu uliokaa ardhini, tazama maji yanakimbilia upande gani. Kama hakuna hata sehemu moja ya kulaza gari sawasawa, hapo nyumbani pako ni pa kubadilishia balbu na kuangalia oili, si pa kuinulia gari.

Na jiwe? Jiwe la mviringo tairi hulipanda au hulisukuma. Inatakiwa kabari, kipande cha mti kilichokatwa mshazari, chenye kimo cha sentimita 10 hadi 15, kikae kimebana tairi kabisa, mbele na nyuma ya gurudumu. Ukiinua mbele, kabari ziko kwenye magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma, ziko kwenye ya mbele. Seremala yule yule wa ubao atakukatia nne kwa dakika kumi.

Kisha kuna kusogea ambako uliliambia gari mwenyewe lifanye. Ulikuwa unavuta bolti iliyokwama. Nati za gurudumu za gari lako zinatakiwa kukazwa kwa nyutoni-mita 103, na bolti kubwa zinazoshika bano la kalipa ziko karibu na hapo. Kwa spana ya sentimita 25, kufungua kitu kilichokazwa hivyo kunataka nguvu ya kilo 42, na kama pana kutu, zaidi sana. Nguvu hiyo yote ukiivuta kwa ubavu, huku gari limesimama kwenye kijiguu kimoja chembamba, umefanya kazi ya kuliangusha kwa mikono yako. Sikulaumu, kila fundi amewahi kufanya hivyo. Nati za gurudumu zilegeze nusu zamu gari likiwa bado chini, hilo najua unalijua. Bolti za kalipa huwezi kuzifungua gurudumu likiwa ndani, kwa hiyo kazi ya breki, tofauti na kubadilisha tairi njiani, haifanywi juu ya jeki. Inafanywa juu ya stendi. Na hata hapo, zungusha usukani mpaka kalipa itazame nje, uiweke spana mahali ambapo utakandamiza kwenda chini, si kuvuta kuelekea kwako.

Matofali. Haya yananikera kuliko jeki, kwa sababu mtu akishayaweka anaona amejikinga. Tofali la kuchoma ni gumu likibebeshwa mzigo uliotandazwa juu yake lote, kama ukutani. Likiguswa na ukingo mwembamba wa chuma, mzigo wote unakaa kwenye mstari mmoja, na tofali halijui kupinda. Linapasuka papo hapo bila kukuonya. Bloku la zege lenye matundu ni baya zaidi. Mti ni tofauti. Mti ukizidiwa hubonyea, hulia, hukupa nafasi ya kutoka. Ikiwa huna stendi na ni lazima, magogo mafupi yaliyochongwa pande nne na kupangwa mawili mawili kwa kupishana, kama mtu anavyopanga kuni, ni bora mara nyingi kuliko matofali. Ila nakuomba ununue stendi.

Katika Kiswahili cha magazeti mtu au timu «ikipigwa jeki» inabaki juu na mambo yake yananyooka. Gari halijui usemi huo. Jeki huinua, kushikilia ni kazi ya stendi. Za haidroliki, iwe ya chupa au ya magurudumu, gari linakaa juu kwa sababu oili imefungiwa ndani na vali ndogo na mpira mwembamba. Chembe ya mchanga ikikaa kwenye kiti cha vali, oili inapita na gari linashuka polepole huku wewe huoni. Mpira ukiwa umezeeka ukakatika, halishuki polepole. Ya mkasi haina ugonjwa huo, kwa kuwa skrubu yake hujishika yenyewe, na hapo inaishinda hata jeki ya bei. Udhaifu wake ni miguu. Ya chupa anayokusifia jirani ilizoea malori na teksi za abiria: ina kichwa kidogo cha duara ambacho kikikutana na ukingo mwembamba wa ubavu wa Vitz hakina pa kushika, na mara nyingi ni ndefu mno hata ikiwa imeshushwa, tairi likiwa halina upepo haiingii. Kwa kazi yako na pesa zako, bakia na ya mkasi yako kama skrubu haijapinda baada ya kuanguka, uipake grisi, na pesa ya jeki mpya ununulie stendi mbili.

Stendi ziko za aina mbili: zenye meno na mkono wa kushushia, na zenye tundu na pini. Zote ni nzuri zikiwa zimetengenezwa vizuri. Mimi kwa mtu wa nyumbani napendelea za pini. Mwaka 2020 huko Marekani kampuni moja kubwa ililazimika kuzirudisha stendi zake za meno kwa sababu meno yaliweza kuachia, na baadhi ya zile ilizotoa badala yake zikarudishwa tena kwa ubovu wa kuchomelea. Pini nene ama ipo ama haipo, unaiona kwa macho. Ukienda Kampala utazipata Kisekka, kwenye soko la vipuri, na mafundi wa Katwe watakuchomelea za kwako wenyewe. Za kuchomelewa sizikatai. Nimefanya kazi juu yake miaka. Ila tazama: miguu minne iliyotanuka, bomba nene, welding iliyoingia pande zote badala ya vitone viwili vitatu, kichwa chenye mfuo wa kupokea ukingo wa ubavu, na pini ya chuma kigumu inayojaa tundu. Usikubali nondo iliyokatwa au, nilishaona, msumari wa inchi sita. Kabla ya kuiamini, ishushie gari, usimame mbali, uiache saa nzima. Na miguu ya stendi nayo huchimba udongo kama kisigino cha kiatu, kwa hiyo ubao wake uwe mkubwa wa kutosha miguu yote minne. Miwili ikiwa juu ya ubao na miwili nje ni afadhali usingeweka.

Pa kuinulia: pigia magoti ubavu wa gari, upapase ule ukingo wa bati unaoning'inia chini. Nyuma kidogo ya gurudumu la mbele, na mbele kidogo ya la nyuma, utakuta mikato miwili midogo. Katikati yake bati limeongezewa nguvu; hapo ndipo pa jeki. Kitabu cha gari kama unacho kinaweza kuwa cha Kijapani, lakini michoro haina lugha. Usiinulie kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), kwenye bati la sakafu ya gari, wala kwenye mikono ya chini ya gurudumu. Kabla ya kuinua, gonga ubavu na uchokonoe kwa bisibisi. Magari yetu mengi yameshapitia kwa panyabita (fundi wa kunyoosha bodi), na tope la maramu likishalala ndani ya ubavu miaka kumi, bati huliwa kutoka ndani huku nje rangi inang'aa. Bisibisi ikizama, au ukasikia pati (ule udongo wa kuzibia bati) badala ya chuma, usiinulie hapo; mwite mchomeleaji kwanza.

Basi Jumamosi ijayo, kama ardhi ni kavu na umepata sehemu sawa: breki ya mkono, P, ufunguo mfukoni mwako, watu wote nje ya gari, kabari kwenye magurudumu ya nyuma. Legeza nati. Weka ubao, weka jeki wima kabisa, inua kidogo hadi bati liguswe, simama, tazama kama jeki bado ni wima. Inua tena kidogo, tazama tena. Ikianza kuegemea, shusha uanze upya. Usiipige teke inyooke. Ikifika kimo, sukuma stendi karibu na jeki mahali penye nguvu, ukishika stendi kwa nje, vidole vikiwa mbali na kichwa chake. Kama stendi inagombania mahali na jeki, wengine huiweka kwenye sehemu nene ya krosimemba (mwamba wa chuma unaokatiza chini ya gari) nyuma ya gurudumu. Hakikisha ni chuma cha gari lenyewe, si bano la bomba. Shusha mpaka uzito ukae kwenye stendi, acha jeki ikigusa tu. Kisha, ukiwa umesimama nje, lishike gari kwenye nguzo ya mlango ulitikise kwa nguvu zako zote, kama unayetaka lianguke. Likianguka, limeanguka bila mtu. Lile gurudumu ulilotoa lilaze chini ya ubavu. Siku yote mengine yakishindwa, litakuachia kimo cha upana wa tairi. Ukimaliza, nati zikaze kwa kupishana, gari likiwa chini, na uzirudie baada ya kuendesha kidogo.

Kwa breki, hivyo inatosha, kwa kuwa kichwa na kifua chako viko nje muda wote. Oili ni habari nyingine, inakutaka ulale chini. Hapo nitakuwa mkweli ingawa naharibia wenzangu wa nyumbani: kwa uwanja wa udongo wenye mteremko, mimi nisingelala. Kituo cha mafuta chenye shimo la huduma, au sehemu ya kuoshea magari yenye njia mbili za zege, watakumwagia oili uliyonunua mwenyewe na filta yako, na utalipa ufundi tu. Kiasi unachookoa kwa kufanya nyumbani ni kidogo ukilinganisha na pedi, ambako ndiko gereji hupata faida yake. Kama siku moja utamwaga zege kipande cha mita tatu kwa tano, niandikie tena, nitakuwa na jibu jingine.

Ikitokea, Mungu aepushe, mtu amebanwa, msilinyanyue gari kwa mikono watu kumi huku mmoja akimvuta. Likiwaponyoka mara ya pili ndilo linaloua. Tafuteni jeki ya pili, inueni kidogo kidogo, mkijaza mbao chini kila linapopanda, na mtu mmoja awe kwenye simu, 999 au 112. Aliyebanwa kifua hapumui. Hapo kinachohesabika ni dakika, na jeki ya jirani iliyo karibu ni bora kuliko winchi iliyo mjini.

Gari lako lenyewe sidhani limekufa, lakini usiliendeshe bado. Lilipotua kwenye diski, vitu kadhaa vingeweza kuumia. Diski ikipinda hata kidogo, usukani utatetemeka ukikanyaga breki. Bamba la bati nyuma yake likiwa limekunjwa litasugua na kulia, hilo unalinyoosha kwa mkono. Paipu ya mpira ya breki ikague kwa tochi urefu wake wote: ukikuta mkato, mkunjo au unyevu, gari linavutwa hadi gereji, haliendeshwi. Halafu kagua mpira wa shafti inayozungusha gurudumu na bol jointi ya chini, kile kiungo cha duara kinachoshikilia gurudumu. Kanyaga breki gari likiwa limesimama, ushikilie nusu dakika: pedali ikizama polepole, au ikiwa laini kama sifongo, mwite fundi aje kwako.

Ukingo wa ubavu utakuta umekunjika. Ukikunjika bila kupasuka, fundi ataunyoosha. Ukipasuka, uchomelewe na usipakwe pati tu, maana ndipo utakapoinulia tena. Na ile jeki, izungushe skrubu yake mwanzo hadi mwisho bila mzigo. Ikigoma mahali au ikiyumba, itupe, usimpe mtu.

Bolti iliyokwama ipulizie mafuta ya kutu leo, na kesho tena.